Kutoka kikaoni hadi ubaoni: shajara ya mradi wa taarifa za kata

Lengo la mradi limeandikwa kwa sentensi mbili. Uamuzi wowote wa baraza unaoigusa kata umfikie mkazi ndani ya saa 48. Kero yoyote ya mkazi imrudie ikiwa na jibu, hata kama jibu lenyewe ni "bado". Kazi inafanywa chini ya ofisi ya diwani na watu watatu: mwandishi wa matangazo, mtunza daftari na fundi. Vipimo na makosa vimeandikwa humu kama vilivyo, ili anayetaka kuanza kwingine asilipie kosa ambalo limekwisha kulipiwa.

Wiki ya 1: Nani anaamua nini

Wiki hii hakuna ubao uliopigwa msumari wala namba ya simu iliyoandikishwa. Kazi yote ilikuwa jedwali la ukurasa mmoja. Kushoto yamewekwa mambo ambayo wakazi huuliza zaidi: maji, umeme, barabara za mitaa, barabara kuu, taka, taa, vibali vya ujenzi, shule, zahanati, mitaro. Kulia kuna safu tatu: anayeamua, anayelipa, anayetekeleza.

Mara nyingi hao ni watatu tofauti, na hapo ndipo matangazo mengi huharibikia. Barabara inaweza kupitishwa na baraza, ikalipiwa na mfuko mwingine, na mkandarasi akasimamiwa na mhandisi asiyewajibika kwa baraza hata kidogo. Mkazi haoni mgawanyo huo, anamwona diwani. Tangazo likisema "tutatengeneza barabara" bila kutaja mwenye fungu, limeahidi kitu ambacho aliyeliandika hana.

Dawa yake ni vitenzi. Tumeruhusu vinne tu pale diwani anapotajwa: ameamua (nadra sana), amepiga kura, ameomba, amearifiwa. Vitenzi kama "amefanikisha" na "ameleta" vimepigwa marufuku. Si kwa unyenyekevu: "ameomba barua ya maelezo tarehe 5" ni jambo linaloweza kufuatiliwa, "amefanikisha" haliwezi.

Vyanzo navyo vimepangwa kwa daraja. La kwanza ni kumbukumbu za kikao zilizothibitishwa. La pili ni rasimu ya kumbukumbu. La tatu ni maelezo ya mdomo kutoka kwa afisa anayehusika, yakiwa na cheo chake na tarehe aliyoyatoa. Tatizo la daraja la kwanza ni kwamba kumbukumbu huthibitishwa kwenye kikao kinachofuata, na kikao hicho kinaweza kuwa miezi mitatu mbele. Anayezingojea atatangaza mambo yaliyokwisha kupita. Kwa hiyo tunatangaza kutoka kwenye rasimu, na neno RASIMU linakaa juu ya tangazo, si chini kwa herufi ndogo.

Wiki ya 2: Umbo la tangazo

Kila tangazo lina mistari sita kwa mpangilio uleule: nini kinatokea, wapi hasa, lini kuanza na lini kuisha, nani anatekeleza, mkazi afanye nini, taarifa inayofuata itatoka lini. Mstari wa sita ndio ambao waandishi wengi huuacha, na ndio unaopunguza simu ofisini kuliko mitano iliyotangulia. Mtu aliyeambiwa kuwa taarifa nyingine itatoka Jumapili asubuhi hana sababu ya kupiga simu Jumamosi usiku. Na Jumapili ikifika, hata kama hakuna jipya, tangazo linatoka likisema hakuna jipya. Ukiruka mara moja tu, mstari wa sita unakuwa pambo.

Saa zimetuchukulia muda mwingi kuliko tulivyotarajia. Nyaraka za ofisi huandika 09:00. Mkazi husema saa 3. Tangazo lililonakiliwa moja kwa moja, "mkutano saa 9:00", litamleta mtu mmoja asubuhi na mwingine alasiri, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. Kanuni ni kwamba saa ya ofisi hubadilishwa kwa kutoa 6 (jibu likizidi 12 hutolewa 12, likiwa chini ya 1 huongezwa 12), na hakuna saa inayoandikwa bila sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Ubadilishaji hufanywa na mwandishi na kuhakikiwa na mtu wa pili anayeangalia saa peke yake, bila kusoma maneno mengine.

Usiku una mtego wake. "Usiku wa Jumamosi" kwa wanaohesabu siku kuanzia jua kuzama ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa wanaofuata kalenda ya ukutani ni usiku unaofuata baada ya Jumamosi kuchwa. Hitilafu ni ya saa 24 nzima. Sasa kukatika kwa maji au kufungwa kwa njia usiku huandikwa kwa ncha mbili: "kuanzia Jumamosi tarehe 12 saa 4 usiku hadi Jumapili tarehe 13 saa 11 alfajiri". Ni refu, ila halina njia mbili za kusomeka.

Maneno mengine yaliyoondolewa ni leo, kesho, jana, wiki ijayo, hivi karibuni. Ujumbe hupita mkono kwa mkono, na "kesho" iliyotumwa Jumanne husomwa Alhamisi. "Jumamosi ijayo" nayo ina maana mbili kulingana na siku inaposemwa. Tarehe haichoki.

Mahali pia. "Karibu na kona" si mahali. Tunataja njia, alama inayoonekana, na upande: "njia ya kisima, kuanzia daraja la miguu hadi uwanja wa shule, upande wa mtaro".

Wiki ya 3 na 4: Ujumbe mfupi wa simu

Njia hii inafika kwenye simu ya kitochi, haihitaji intaneti, na ndiyo yenye hesabu kali kuliko zote. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi hata kwa herufi moja hugawanywa, na kila kipande hubaki na herufi 153 kwa sababu zilizobaki hutumika kuviunganisha vipande. Mtoa huduma hutoza kwa kipande, si kwa ujumbe.

Tangazo la majaribio lilikuwa hili:

Maji yatakatika Jumamosi 12 saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, mitaa yote ya ng'ambo ya mto. Bomba linabadilishwa. Taarifa tena Jumapili 13 saa 2 asubuhi.

Ni herufi 152, kipande kimoja. Lakini mfumo wa kutuma ujumbe ulionyesha vipande vitatu. Sababu ilikuwa alama moja: kibainishi cha ng' katika "ng'ambo". Tangazo liliandikwa kwenye programu ya kuchapia maandishi, nayo hugeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kilichonyooka kimo katika seti ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi, kilichopinda hakimo. Ikiingia alama moja tu isiyomo, ujumbe mzima hubadilishwa aina ya usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa tarakimu, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, au 67 kwa kipande ukigawanywa. Herufi 152 kwa 67 ni vipande vitatu. Kwa orodha ya namba 1,200 ni vipande 3,600 badala ya 1,200, kwa sababu ya kialama ambacho macho hayakioni.

Wanaoandika Kiswahili wanaumizwa na hili kuliko wengine, kwa kuwa ng' haikwepeki. Alama za nukuu zilizopinda, deshi ndefu na emoji zina athari ileile. Mabano ya mraba na mabano yenye vipindo hayabadilishi usimbaji, ila kila moja huhesabiwa kuwa herufi mbili. Utaratibu wetu sasa: matangazo ya simu huandikwa kwenye programu ya maandishi matupu, hubandikwa kwenye ukurasa wa kutuma ujumbe, na hesabu ya vipande husomwa kwa sauti kabla ya mtu kubonyeza kitufe. Jaribio la kwanza huenda kwa namba tatu za timu tu.

Jina la mtumaji limeleta mjadala. Mfumo unaruhusu jina la herufi zisizozidi 11 badala ya namba, na jina hilo humtambulisha mtumaji vizuri. Lakini ujumbe uliotumwa kwa jina haujibiki: mkazi akijibu, jibu haliendi popote, naye anaamini amepuuzwa. Tumechagua jina kwa matangazo, na namba ya maswali inatumwa kwa ujumbe wake peke yake mara moja kwa mwezi, na iko ubaoni siku zote. Huu si ufumbuzi mzuri sana. Namba ya kawaida inayopokea majibu ingekuwa bora, lakini inahitaji mtu wa kuyasoma kila siku, na namba ambayo majibu yake hayasomwi ni mbaya kuliko kukosa njia ya kujibu.

Orodha ya namba ilifanyiwa kazi siku nne. Programu ya majedwali hula sifuri ya mwanzo, na namba ndefu yenye msimbo wa nchi huigeuza kuwa tarakimu chache zenye herufi E katikati. Ukihifadhi faili katika hali hiyo kama CSV (faili la maandishi matupu), tarakimu za mwisho zimepotea na hazirudi. Safu ya namba lazima iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote, si baada. Halafu namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, wenye alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, la sivyo mtu mmoja atakuwemo mara mbili, mara ya sifuri na mara ya msimbo, na kompyuta haitaona kuwa ni yuleyule.

Kila namba ina tarehe ambayo mwenyewe alikubali kuandikishwa, na mtaa anaokaa. Mtaa ni muhimu kwa sababu tangazo la maji la mitaa miwili halipaswi kuamsha kata nzima. Akituma neno ONDOA kwa namba ya maswali anafutwa siku hiyohiyo. Namba zinazofeli mara tatu mfululizo zinaondolewa pia. Laini iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Orodha hii haitumiki kwa kampeni ya yeyote. Sharti hilo limeandikwa juu ya fomu ya kujiandikisha, na lisingeandikwa pale fomu zingekuwa chache.

Kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu ripoti ya mfumo: "imefika" maana yake imefika kwenye simu. Haina habari yoyote kuhusu kusomwa.

Wiki ya 5 na 6: Mbao za matangazo

Plaiwudi ya nje, unene wa milimita 18, huuzwa kwa ukubwa wa sentimita 122 kwa 244. Ukikata katikati unapata mbao mbili za mraba, 122 kwa 122. Baada ya fremu ya sentimita 4 kila upande inabaki 114. Upana huo unabeba karatasi tano za A4 zilizosimama, zikiachana sentimita moja na nusu. Urefu unabeba safu tatu na kuacha sentimita 22 za kichwa cha ubao. Kwa hiyo nafasi ni karatasi 15. Tumezigawa kwa safu tano za wima, kila moja na kazi yake: mapya, yanayoendelea, fedha, mikutano, majibu ya kero. Ubao usiogawanywa hujaa kutoka katikati kwenda nje, na baada ya mwezi hakuna anayejua kipi ni kipya.

Plaiwudi haiozi usoni, huozea kwenye kingo zilizokatwa. Maji huingia kati ya tabaka na ubao huanza kufumuka kama kitabu kilicholoa. Kingo zipakwe rangi ya mafuta mara tatu, uso mara mbili, na kila mkono wa rangi ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Ubao wa kwanza ulipakwa kingo mara moja tu, na ulikatwa upya.

Nguzo ni mabomba ya chuma ya milimita 50, urefu wa mita 3. Sentimita 70 zimo ardhini, mita 2.3 ziko juu. Shimo ni la sentimita 30 kwa 30, zege la 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha mashimo mawili na kubaki kidogo. Uso wa zege uinamishwe kutoka kwenye bomba ili maji yasituame pale chuma kinapoingia, kwa kuwa kutu huanzia hapo. Ukingo wa chini wa ubao uko sentimita 80 kutoka ardhini, ili anayetumia kiti cha magurudumu asome safu za chini bila kuinua shingo. Kwa sababu hiyo tarehe za mikutano na namba ya maswali haziwekwi safu ya juu kamwe.

Kifuniko ni plastiki ngumu angavu ya milimita 4, na ndicho kilichotusumbua. Cha kwanza kilipasuka kwenye tundu za skrubu. Plastiki ya aina hii hutanuka kwa joto kiasi cha milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 50 za jua kali, kipande cha sentimita 114 kinaongezeka karibu milimita 3. Tundu iliyobana skrubu haiipi plastiki nafasi, nayo hupasuka. Sasa skrubu ni ya milimita 5, tundu ni la milimita 8, katikati kuna washa ya mpira, na skrubu hukazwa hadi iguse tu.

Kifuniko cha pili hakikupasuka, kilitoka jasho. Sanduku lililozibwa kila mahali hushika unyevu wa usiku, karatasi hujikunja na maandishi hayasomeki hadi karibu na mchana. Tundu sita za milimita 10 upande wa chini, zikifunikwa na wavu wa mbu, zimemaliza tatizo. Si upande wa juu; juu ni kuikaribisha mvua.

Uchapaji ufanywe na printa ya leza. Wino wa printa za kawaida huchuruzika ukipata unyevu na hufifia juani, na maandishi mekundu ndiyo huanza kupotea. Ukubwa wa herufi ni pointi 24 kwa maelezo na 60 kwa kichwa. Kwa pointi 24 karatasi ya A4 hubeba maneno 100 hadi 120 kwa raha. Tangazo lisiloenea humo linafupishwa, halipunguziwi herufi.

Pembeni chini ya kila karatasi kuna tarehe mbili: imebandikwa, itaondolewa. Mwenye ufunguo hupita kila Jumatatu na kazi yake ya kwanza ni kuondoa, ya pili kubandika.

Wiki ya 7: WhatsApp

Kuna njia tatu na tofauti zake hazionekani hadi uzikosee. Kundi hubeba watu 1,024 na kila mmoja anaona namba za wengine wote. Mkazi aliyelalamikia jirani yake humo amejianika. Orodha ya kusambazia hubeba 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Chaneli haina shida hizo mbili, wafuasi hawaonani, ila ni ya upande mmoja. Tumechukua chaneli kwa matangazo. Makundi ya mitaa yaliyokuwepo yameachwa kwa wenyewe. Tunayapelekea ujumbe na hatuyasimamii.

Barua zisipigwe picha na kutumwa hivyo hivyo. Picha ya barua haitafutiki kwa neno, programu inayomsomea asiyeona haiipati, na inakula bando. Maandishi hutangulia, barua hufuata kwa anayeitaka, ikiwa imeskaniwa kwa nukta 150 kwa inchi, bila rangi. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Kwa 150 ni robo ya hizo, na maandishi ya kawaida bado yanasomeka.

Wiki ya 8 na 9: Daftari la kero

Safu za daftari: namba, tarehe ya kupokelewa, mahali, tatizo, njia iliyoletwa, imepelekwa kwa nani, tarehe ya kupelekwa, kumbukumbu namba ya barua, jibu, hali, tarehe ya kuangaliwa tena, tarehe mkazi aliyoambiwa. Jina na simu ya mleta kero ziko kwenye daftari la pili lenye namba zilezile, na hilo halitoki kabatini.

Taa moja ikiripotiwa na watu saba ni mstari mmoja wenye walalamikaji saba. Ukiandika mistari saba, siku taa ikiwaka utafunga mmoja na sita itabaki wazi milele.

Maelezo duni huirudisha kero mwanzo, kwa hiyo mpokeaji ana maswali kwa kila aina. Taa: namba ya nguzo, haiwaki kabisa, au inawaka na kuzima. Maji yanayovuja: safi au machafu, yanabubujika au yanajipenyeza, mchana tu au muda wote. Uvujaji unaoongezeka usiku, matumizi yanaposhuka na mgandamizo kupanda, ni dalili ya bomba la usambazaji, na fundi akijua hivyo huja na vifaa tofauti. Shimo la barabarani: urefu, upana, kina, na kitu kinachojulikana ukubwa wake kikiwa ndani ya picha. Viatu vinafaa.

Hali ni tano: imepokelewa, imepelekwa, inashughulikiwa, imekamilika, haiwezekani. Ya tatu ndiyo kaburi la daftari. Wiki ya kwanza ya matumizi karibu kila kitu kilikuwa "kinashughulikiwa", maana ni neno lisilomgharimu mtu. Tumeweka sharti: hakuna mstari wenye hali hiyo bila tarehe ya kuangaliwa tena, na tarehe hiyo isizidi siku 14. Ikifika bila jipya, mstari unarudi kuwa "imepelekwa" na barua ya kukumbusha inaandikwa. "Haiwezekani" nayo ni jibu halali, mradi sababu iandikwe: si mamlaka ya baraza, hakuna fungu mwaka huu, eneo lina mgogoro mahakamani.

"Imekamilika" haiandikwi kwa ripoti ya idara. Huandikwa baada ya mleta kero au mjumbe wa mtaa kuthibitisha. Taa huthibitishwa usiku. Kosa hilo la kwenda kuikagua mchana limefanyika, na halikuwa la mtu mmoja.

Barua hupelekwa mara moja kwa wiki zikiwa zimepangwa kwa idara, si kwa tarehe, na nakala hurudi na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na nakala yenye muhuri haikupelekwa.

Yasiyobandikwa ubaoni: ugomvi wa nyumba, mipaka ya viwanja, maradhi, madeni ya mtu, chochote kinachomhusu mtoto. Yanapokelewa, yanaelekezwa kunakohusika, na ubaoni inabaki hesabu tu.

Wiki ya 10: Karatasi ya fedha

Hii ndiyo karatasi inayosomwa kwa muda mrefu kuliko zote pale ubaoni, na neno moja linaweza kuiharibu. Fedha "zilizotengwa" si fedha zilizopo. Kwa kila mradi tunaweka namba nne: zilizotengwa, zilizopokelewa, zilizofungwa kwa mkataba, zilizolipwa. Chukua mradi uliotengewa 100. Zimefika 40, mkataba umesainiwa wa 55, mkandarasi amelipwa 25. Kwenye akaunti kuna 15, lakini kazi iliyobaki kwenye mkataba ni ya 30. Anayeona 100 peke yake atauliza fedha zimekwenda wapi. Anayeona zote nne anaelewa kwa nini greda imeondoka, na swali lake linakuwa lini zilizobaki zitafika, nani anazileta. Hilo ni swali ambalo diwani anaweza kwenda nalo kikaoni.

Maendeleo hayaandikwi kwa asilimia tupu. "Barabara imefikia asilimia 80" ilipingwa papo hapo na watu wanaoipita kila siku, na walikuwa na haki. Sasa ni hivi: mita 640 kati ya 800 zimemwagwa kifusi na kushindiliwa, mitaro haijaanza, kalavati moja kati ya mbili imejengwa. Malipo yana mstari wake, kwa kuwa kazi na malipo haviendi sambamba. Mwanzoni kuna malipo ya awali, na mwishoni sehemu hushikiliwa hadi kipindi cha uangalizi kiishe.

Wiki ya 11: Sahihisho

Tangazo namba 14 lilitoka na mtaa usiohusika. Kosa liligunduliwa baada ya saa tatu. Utaratibu uliotumika ndio unaobaki: sahihisho linapita njia zilezile zote, hata ile yenye wasomaji wachache, likianza na SAHIHISHO LA TANGAZO 14 na kufuatiwa na habari sahihi nzima. Habari ya makosa hairudiwi. Anayesoma haraka hushika sentensi ya kwanza, na ukianza na kosa umelitangaza mara ya pili. Ubaoni karatasi ya zamani inatolewa, haikatwi kwa kalamu.

Uvumi hushughulikiwa hivyohivyo. Tunasema lililopo, chanzo na tarehe, bila kuunukuu uvumi wenyewe.

Wiki ya 12: Vipaza sauti na mkutano

Tangazo la gari ni maneno yasiyozidi 80, karibu sekunde 40, likisomwa mara mbili. Gari lisimame kila mita 250 na injini izimwe; linalotembea humwachia kila nyumba kipande cha katikati bila tarehe wala mahali. Honi (spika za nje) mbili za omu 8, kipimo cha ukinzani wa umeme, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 4, na amplifaya iliyoandikwa omu 8 kuwa kikomo cha chini itachemka. Zikiunganishwa mfululizo ni omu 16: sauti inapungua, chombo kinapona.

Mkutano hutangazwa siku 7 kabla, na tena siku moja kabla, ajenda ikiwemo mara zote mbili. Maswali yanayoandikwa kwenye vikaratasi huwapa nafasi wasiopenda kushika kipaza sauti, na vikaratasi hivyo huingia kwenye daftari la kero jioni hiyohiyo.

Yaliyobaki wazi

Ubao wa nne unatazama magharibi na jua la alasiri linakausha karatasi kupita kiasi. Utageuzwa baada ya zege la nguzo mpya kukomaa siku 28. Namba ya kupokea majibu ya ujumbe mfupi bado haina msomaji wa kila siku. Kero 3 za mitaro zimefika siku ya 14 bila jibu, na barua za kukumbusha zinatoka Jumatatu.